Ile Skrini Ni Kiwanda Kizima, Wewe Fungua Chumba Kimoja

Hebu nikuulize kitu, na usijibu kwa sauti. Ni mara ngapi umepakua programu ya kutengeneza katuni, ukaifungua, ukaikodolea macho kwa dakika tano kama mtu aliyepanda matatu ya njia asiyoijua, halafu ukaifunga na hukuirudia tena? Ukisema mara moja, hongera. Ukisema mara nne, mko wengi. Kila nikiandika neno kuhusu animesheni, ujumbe unaoingia kwa simu yangu ni ule ule: "Nimeiweka kwa mashine, lakini sielewi hata nianzie wapi."

Mimi niko Londiani, mji mdogo wa baridi katika Kaunti ya Kericho. Chuo niliacha mwaka wa pili karo ilipogoma, kwa hivyo sina cheti cha kukuonyesha. Nilicho nacho ni maoni, na maoni yangu ni haya: vijana wengi hawashindwi na kuchora. Hawakosi hadithi pia. Wanaangushwa na skrini ya kwanza, kwa sababu hakuna aliyewaambia ile skrini ni nini.

Wacha nikuambie.

Kiwanda cha picha

Umewahi kuingia kiwanda cha chai? Huku Kericho vipo vingi, na aliye na shangazi au mjomba anayefanya kazi humo anajua mpangilio. Majani mabichi yanafika kwa lori. Yananyaushwa kwenye vitanda virefu vinavyopulizwa hewa. Yanaingia kwenye mashine ya kuyakatakata. Yanaachwa hadi yageuke kutoka kijani kuwa rangi ya shaba. Yanakaushwa kwa joto, yanachekechwa, yanapangwa kwa madaraja, yanatiwa kwenye magunia. Kila hatua ina mahali pake, mashine zake na watu wake. Hakuna mtu anayeripoti kazini Jumatatu ya kwanza akakabidhiwa funguo za vyumba vyote na kuambiwa, haya, tutengenezee chai.

Sasa fungua programu kama Blender. Juu kabisa kuna vichupo vimepangwa mstari mmoja. Kimoja cha kuunda umbo. Kingine cha kulifinyanga kama udongo. Kingine cha kulipaka rangi. Kingine cha kulitembeza, cha kutoa picha za mwisho, cha kuziunganisha, hadi cha kuandika msimbo. Hivyo vichupo ni idara. Katika studio kubwa, kila kimoja kina watu wake ambao kazi yao ni hiyo tu, mwaka mzima. Siku moja ukimaliza kutazama filamu ya katuni, usizime. Acha majina yapite. Utachoka kuyasoma. Zana za watu wengi kama wale zimesongamana kwenye dirisha moja, mbele yako, saa tatu usiku, na stima inatishia kupotea.

Ndiyo maana unahisi mjinga. Wewe si mjinga. Umesimama langoni mwa kiwanda na funguo zote mkononi, na umedhani ni lazima uingie kila chumba leo.

Na historia ya Blender yenyewe inaeleza kwa nini vyumba ni vingi hivyo. Ilianza miaka ya tisini kama zana ya ndani ya studio moja ya Uholanzi iliyoitwa NeoGeo, mikononi mwa jamaa anayeitwa Ton Roosendaal. Baadaye kampuni iliyokuwa ikiiuza ilifungwa. Mwaka wa 2002 Roosendaal akawaomba watu wachange euro 100,000 ili programu ikombolewe na kuwa ya wote. Harambee hiyo ilichukua wiki saba tu, na Oktoba mwaka huo ikaachiliwa bure. Tangu hapo watu wa kila pembe ya dunia wamekuwa wakiongeza vyumba. Ni jambo zuri. Lakini nyumba iliyojengwa na kijiji kizima haiwezi kuwa na mlango mmoja.

Bakisha vitu vitano

Dawa ni rahisi: funga vyumba. Chochote usichokihitaji leo, kifiche. Kwa kazi yako ya kwanza unahitaji vitu vitano tu, na kila programu ya animesheni ya kuchora kwa mkono inavyo, hata iwe imevipa majina gani.

Cha kwanza ni jukwaa. Ni ule ukurasa mweupe katikati ya skrini. Kilicho ndani ya fremu yake ndicho mtazamaji ataona. Kilicho nje ni kama mwigizaji aliye nyuma ya pazia: yupo, ila haonekani.

Cha pili ni zana. Ziko pembeni, nyingi kushinda vijiko vya harusi. Chagua tatu: brashi, kifutio, na ile ya kuchagua na kusogeza mchoro. Zingine zitakusubiri.

Cha tatu ni matabaka. Fikiria karatasi za plastiki angavu zilizolaliana. Chini kabisa unaweka vilima na miti. Juu yake unaweka mhusika wako. Akiruka, vilima havina haja ya kuchorwa upya. Kabla ya kompyuta, studio zilifanya hivyo hivyo kwa plastiki halisi, na kamera ikipiga picha kutoka juu. Programu imeiga ile meza.

Cha nne ni mstari wa muda, ule ukanda wa visanduku ulio chini. Huu ndio moyo wa kazi yote. Kila kisanduku ni fremu moja, yaani picha moja. Filamu ya kawaida hupitisha fremu 24 kwa sekunde. Usiogope hiyo namba, kwa sababu wachoraji wengi huuacha mchoro mmoja ukae fremu mbili, kwa hivyo sekunde moja inataka michoro 12 pekee. Pale unapoweka mchoro mpya panaitwa fremu kuu. Visanduku vinavyofuata vinauendeleza mchoro huo hadi uweke mwingine.

Cha tano ni ganda la kitunguu. Jina linachekesha, lakini ukikiwasha utaelewa. Unapochora picha ya pili, picha ya kwanza inaonekana kwa mbali, imefifia, kama tabaka la kitunguu lililo chini ya lingine. Unajua mguu ulikuwa wapi, kwa hivyo unajua uupeleke wapi. Bila hiki unachora kwa kubahatisha.

Basi. Vitano. Ongeza kitufe cha kucheza, ambacho kwenye Blender ni kile kirefu cha nafasi kwenye kibodi.

Ukiwa na Blender, ikifunguka kuna kisanduku katikati kinachokuuliza unataka kuanza kazi gani. Chagua animesheni ya 2D. Vyumba vingi vinajifunga vyenyewe na unabaki na karatasi nyeupe. Ukitaka nafasi zaidi, peleka kishale juu ya karatasi kisha ubonyeze Ctrl pamoja na kitufe cha nafasi. Karatasi inajaza skrini yote. Rudia, kila kitu kinarudi mahali pake. Na hata ukivuruga mpangilio hadi usijijue, kwenye menyu ya faili kuna njia ya kurudisha mipangilio ya kiwandani. Kupanga paneli vibaya hakuwezi kuharibu programu. Likumbuke hilo unapoanza kutoka jasho.

Usichague programu kwa jina

Hapa ndipo mabishano ya vijana huanza. Ipi ni bora? Ipi inatumiwa na watu wa Hollywood? Nikuulize nawe: una mashine gani?

Kama ni simu tu, FlipaClip itakutosha kujifunza yote matano. Kama ni laptopu ya mitumba inayopumua kwa shida, jaribu Pencil2D, ni nyepesi na ni ya bure. Kama inajiweza kidogo na unapenda kuchora, kuna Krita, bure pia, ambayo ilipata sehemu ya animesheni mwaka wa 2016. Mwaka huo huo OpenToonz nayo iliachiliwa bure, na hiyo inatokana na Toonz, programu iliyotumiwa na Studio Ghibli ya Japani. Mashine yako ikiwa na nguvu, Blender hiyo hapo.

Angalia jambo moja: hizi za kompyuta nilizozitaja zikishaingia kwa mashine zinafanya kazi bila intaneti. Unapakua mara moja pale penye Wi-Fi ya bure, unaenda nazo nyumbani, bando lako linabaki la mambo mengine. Programu za kulipiwa kila mwezi kwa dola hazikupi raha hiyo. Na zile za wizi, zilizovunjwa kufuli na kusambazwa kwenye makundi ya Telegram, mara nyingi huja na mgeni asiyealikwa ndani yake. Utapoteza kazi yako na pengine nywila zako. Ya nini, kama ya halali ni bure?

Wengine watasema nawadanganya, kwamba ukitaka ajira lazima ujue programu fulani kubwa. Nakubali kwamba siku ya kuomba kazi studio itakuambia inatumia nini. Lakini kumbuka Flash. Kwa miaka mingi katuni za mtandaoni zilikuwa Flash tupu, na kila mtu aliapa kwa jina hilo. Desemba 31, 2020, Adobe ikaacha rasmi kuhudumia Flash Player. Aliyekuwa anajua vitufe vya Flash tu alibaki na ujuzi wa kitu ambacho vivinjari vilikuwa vinakifukuza. Aliyejua kupanga muda kwenye ule ukanda wa visanduku alihama na ujuzi wake wote, kwa sababu ukanda upo kila mahali. Majina ya programu hupita. Jukwaa, tabaka na fremu vimebaki.

Ndiyo maana nakwambia, ukiona kozi inayoanza kwa kukuzungusha menyu moja hadi nyingine kwa wiki tatu kabla hujachora hata mstari, kimbia. Kuna moja ya mtandaoni niliyolipia kwa pesa za kuuza viazi. Masomo kumi na manne, na hadi la kumi mwalimu alikuwa bado anaeleza vitufe. Hiyo ni sawa na kumfundisha mtu kuendesha pikipiki kwa kumsomea majina ya nati.

Anza na Chemosit

Sasa tufanye kazi. Wengi huanza na mpira unaodunda, kwa sababu ndilo zoezi la vitabuni. Ni zoezi zuri. Lakini sisi huku tuna bora kuliko mpira. Tuna Chemosit.

Kama umelelewa na kogo wa Kikalenjin, ulitishwa naye. Kama hukulelewa hivyo, nikujulishe: Chemosit ni zimwi nusu mtu nusu ndege, ana mguu mmoja tu, na mdomo wake mwekundu huwaka usiku kama taa. Anatembea akijisukuma kwa fimbo iliyo kama mkuki. Mwingereza A. C. Hollis alimtaja hivyo kwenye kitabu chake The Nandi cha mwaka wa 1909, na akaongeza kwamba zimwi hilo huimba usiku, watoto wakiona mwanga na kusikia wimbo wanadhani kuna ngoma, wanaufuata, na hawarudi. Kitu kinachowaka usiku na kukuimbia hadi usahau nyumbani? Kogo alituonya kuhusu TikTok mapema sana.

Kwa mwanafunzi wa animesheni, Chemosit ni zawadi. Kumtembeza mhusika wa miguu miwili ni kazi ya kukuliza. Mwenye mguu mmoja anaruka tu, na mruko mmoja unahitaji michoro sita.

Mchoro wa kwanza: ameinama, mguu umekunjika, mwili umebonyea kama chemchemi. Wa pili: anaondoka ardhini, mwili umenyooka na kurefuka. Wa tatu: yuko hewani akipanda. Wa nne: kileleni, amejikunja kidogo, ametulia. Wa tano: anashuka, amenyooka tena. Wa sita: anatua, anabonyea. Kisha unarudi wa kwanza.

Tumia ganda la kitunguu kupanga umbali. Karibu na kilele, michoro isogeleane, kwa sababu kitu kinachorukia juu hupunguza mwendo kabla ya kushuka. Karibu na ardhi, michoro iachane. Usipofanya hivyo, Chemosit wako atapanda na kushuka kama lifti.

Halafu kuna hili, ambalo lingekupa faida hata kama hungesoma kingine chochote hapa. Iache kila picha ikae fremu mbili. Michoro sita mara mbili ni fremu 12, yaani nusu sekunde. Cheza. Utaona kiumbe chepesi kinachorukaruka kama panzi. Sasa usichore chochote. Vuta tu visanduku kwenye mstari wa muda ili kila picha ikae fremu nne. Zimekuwa fremu 24, sekunde nzima. Cheza tena. Ghafla ni zito, na unaweza karibu kusikia ardhi ikitikisika. Kisha ichukue ile picha ya kileleni peke yake na uiache ikae fremu nane. Sasa anaelea kidogo kabla ya kushuka, na ule upande wake wa ndege umejitokeza.

Umeona? Michoro ni ile ile sita. Uzito, wepesi na hofu vyote vimetoka kwenye visanduku. Hapo ndipo animesheni ilipo. Haiko kwenye ile idara ya mwanga wala kwenye brashi mia mbili. Ukishaelewa kwa mikono yako kwamba muda ndio uzito, umeelewa kitu ambacho hakuna ziara ya menyu itakupa.

Tabaka la chini, weka vilima vyeusi, mchoro mmoja tu. Tabaka la juu kabisa, weka mdomo mwekundu, michoro miwili, mmoja mkubwa na mmoja mdogo, ibadilishane ili uwake na kufifia. Hifadhi kazi yako kila baada ya dakika chache, kwa sababu mvua ya huku na stima haziivi chungu kimoja. Umemaliza. Una katuni.

"Lakini si akili unde itafanya yote?"

Najua unalifikiria, kwa hivyo tulijibu. Siku hizi unaandika sentensi moja na mashine inakupa video. Ya nini kuhangaika na michoro sita?

Huku Kericho hatuwezi kuzungumza kuhusu mashine na ajira kwa mzaha. Mei 2023 mashine za kuvuna chai zilichomwa moto mashambani, na hasira ile haikutoka hewani. Watu walikuwa wameona kazi ya mikono yao ikichukuliwa. Sitakwambia kwamba animesheni iko salama. Kazi za kubonyeza vitufe kwa kufuata maagizo zitapungua, na hiyo ndiyo sababu nyingine ya kutojifunza kuwa mbonyeza vitufe.

Lakini mtu wa chai anajua kitu kingine pia. Mashine hukata kila kilicho juu, bora na hafifu kwa pamoja. Mkono huchagua majani mawili na kichipukizi. Kujua ni picha ipi ikae fremu nane na ipi ikae mbili ni kuchagua kichipukizi. Hata ukija kutumia akili unde, atakayejua kwamba ilichokupa hakina uzito ni yule aliyewahi kuvuta visanduku kwa mkono wake. Yule aliyekariri menyu atakubali chochote atakachopewa.

Na ukitaka ushahidi kwamba zana ya bure na mtu mkaidi vinaweza kufika mbali, upo. Machi 2025 filamu ya Flow kutoka Latvia ilishinda Oscar ya filamu bora ndefu ya animesheni. Ilitengenezwa kwa Blender, hii hii unayoweza kupakua leo. Mwongozaji wake, Gints Zilbalodis, alikuwa tayari ametoa filamu ndefu iitwayo Away mwaka wa 2019 ambayo aliifanya peke yake, hadi muziki. Hakuingia vyumba vyote siku ya kwanza. Aliviingia kimoja kimoja.

Tukirudi Afrika Mashariki, Tinga Tinga Tales iliyoanza kuonyeshwa na BBC mwaka wa 2010 ilitengenezwa Nairobi, kwa mtindo wa rangi uliozaliwa Tanzania na Edward Saidi Tingatinga. Ubongo Kids ilianzia Dar es Salaam mwaka wa 2014 ikifundisha watoto hesabu kwa Kiswahili. Kwame Nyong'o aliichukua hadithi ya Kimaasai kuhusu jitu na kuifanya The Legend of Ngong Hills mwaka wa 2011. Na mwaka wa 2023 Disney+ ilipotoa filamu fupi kumi za Waafrika, iliziita kwa Kiswahili, Kizazi Moto. Humo yumo Mkenya Ng'endo Mukii na Enkai yake, na Mganda Raymond Malinga na hadithi ya wachungaji wa ng'ombe wa siku zijazo.

Tazama orodha hiyo vizuri. Hadithi za wanyama, jitu la Ngong, Enkai, wachungaji. Kilichowafikisha pale ni vitu walivyovikuta nyumbani. Chemosit bado anangoja zamu yake.

Kwa nini hili si mchezo

Watu wengi nchini walilijua jina la Londiani jioni ya Juni 30, 2023, lori lilipopoteza mwelekeo pale Londiani Junction na watu zaidi ya 50 wakafa. Hatutaisahau siku hiyo, na hatupaswi. Wengi waliokufa walikuwa watu wa kawaida kando ya barabara, wachuuzi, abiria, waendesha bodaboda. Lakini mji hauwezi kubaki na picha moja tu machoni pa nchi. Una reli ya zamani, chuo cha misitu, ukungu wa asubuhi unaomeza watoto wakienda shule, na nyanya zenye hadithi ambazo hakuna aliyezichora. Tusipozichora sisi, hakuna mtu atakayepanda matatu kutoka Nairobi kuja kutufanyia.

Sikuahidi pesa. Katuni yako ya kwanza haitalipa hata deni la dukani. Lakini ya kumi inaweza kueleza kwa sekunde thelathini jinsi ya kutunza maziwa kabla ya kufika kwa chama cha ushirika, au jinsi ya kutambua ugonjwa wa viazi, na kuna watu huku wanaohitaji kuelezwa hayo kwa picha na kwa lugha yao. Hiyo ni kazi, na haihitaji uhamie Nairobi.

Ombi langu kwa wanaosimamia maabara za Jitume na vyuo vya ufundi: wekeni Krita na Blender kwenye hizo kompyuta. Ni bure, hazihitaji zabuni. Na msianze na menyu. Mpeni kijana ukurasa mweupe, brashi na ukanda wa visanduku, kisha mwacheni aruke kwa mguu mmoja.

Na wewe unayesoma haya kwa simu, una hadi Jumapili. Michoro sita, tabaka tatu, mdomo unaowaka. Ukimaliza, mpelekee kogo simu na usimwambie ni nini. Akitaja jina la zimwi kabla hujafungua mdomo, umefaulu. Na akisema, "Huyo siye, Chemosit haruki hivyo," keti chini umuulize anarukaje, kwa sababu amekupa kazi ya wiki ijayo.